Kujitoa au kubaki: namna ya kuamua pale Anatomia inapokulemea

Kila mwaka, Oktoba ikifika katikati, naanza kupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa watu tofauti. "Shikamoo dada. Nimepata 54 mtihani wa kwanza na 61 wa pili. Niendelee au nitoke?" Wanaoniandikia wanafanana sana. Ni Watanzania, Wakenya na Wakongo walioko Marekani, wengi wao ni wasaidizi wa wauguzi kwenye nyumba za wazee, na wanasoma chuo cha jamii, yaani chuo cha umma cha miaka miwili, ili waingie programu ya unesi. Kozi inayowakwamisha ni ileile: Anatomia na Fiziolojia, sehemu ya kwanza.

Mimi niliwahi kujitoa kwenye kozi hiyo. Niliirudia muhula uliofuata nikapata B, na leo ni nesi. Kujitoa kwenyewe hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba nilijitoa kwa woga, bila kupiga hesabu na bila kumuuliza mtu, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa. Nilinusurika tu. Nina niliosoma nao ambao hawakujitoa wala hawakurudi darasani, na F walizozipata muhula ule ziliwafuata miaka. Kwa hiyo naandika hatua ninazompitisha kila anayenipigia, kwa mpangilio uleule. Anayesoma Kemia, Fizikia au Mikrobiolojia atabadilisha jina la kozi tu. Hesabu ni hizohizo.

Kabla ya yote: hapa hakuna sapu

Wengi wetu tumetoka kwenye mfumo ambao kozi ukishaianza unaimaliza. Chuo kikuu cha nyumbani ukifeli somo unafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ukizidisha unadisco, yaani unaondolewa chuoni. Mtu akifika huku na kuanguka mitihani miwili, moyoni anajiambia kuna sapu mwishoni. Hakuna. Alama ya mwisho ikiandikwa imeandikwa. Ukitaka nyingine unalipia kozi upya na kuikalia muhula mzima.

Badala ya sapu kuna milango miwili ya kutokea mapema. Wa kwanza ni kufuta kozi, katika wiki ya kwanza au mbili za muhula: ada inarudi na kozi haionekani kabisa kwenye transkripti, ile rekodi rasmi ya alama zako. Wa pili ni kujitoa. Huu hubaki wazi muda mrefu zaidi, mara nyingi mpaka kati ya wiki ya 10 na ya 12 kwenye muhula wa wiki 15 au 16. Ukipitia hapo, ada kwa kawaida hairudi, na mbele ya jina la kozi panaandikwa W. Herufi hiyo haina pointi. Haipandishi GPA, yaani wastani wa alama zako zote kwa kipimo cha 0 hadi 4, wala haiishushi.

Kupotea kimya kimya si mlango. Ukiacha kuhudhuria ukidhani watajua umetoka, kwa vyuo vingi unabaki umesajiliwa, kazi zako zinasomeka sifuri, na Desemba unakuta F. Kama kuna sentensi moja ya kuchukua hapa, ni hii: usipotee.

Hatua ya 1: Andika tarehe tatu kwenye karatasi

Fungua kalenda ya masomo ya chuo chako, si ya chuo cha rafiki yako, utafute siku ya mwisho ya kujitoa, siku ambayo asilimia 60 ya muhula inatimia (sababu yake iko Hatua ya 4), na tarehe ya mtihani unaofuata. Kozi za wiki 8 zina tarehe zake, na hufika haraka kuliko unavyodhani. Bandika karatasi hiyo mlangoni mwa friji. Hii ni kazi ya dakika kumi, na kutoifanya ndiko kulikowaponza wengi.

Hatua ya 2: Piga hesabu, usikisie

Chukua silabasi, ile karatasi ya mpango wa kozi. Kuna sehemu inayoonyesha kila kitu kina uzito gani. Tuchukue mfano wa huyo aliyepata 54 na 61. Kwake mitihani minne ya nadharia ni asilimia 50 (kila mmoja 12.5), mitihani miwili ya maabara ni 20, mtihani wa mwisho 20, na maswali madogo ya kila wiki 10.

Mpaka sasa amevuna hivi. Mtihani wa kwanza, 54 mara 12.5 gawa kwa 100, ni 6.75. Wa pili, kwa njia hiyohiyo, ni 7.6. Mtihani wa maabara alipata 58, unampa 5.8. Maswali madogo yamefika nusu, wastani wake 80, kwa hiyo ana 4. Jumla ni kama 24.2 kati ya 40 zilizokwisha kuamuliwa. Wastani wake ni 60.

Bado kuna 60 mezani. Kama C kwa mwalimu wake inaanzia 70, anahitaji 45.8 kati ya hizo 60, yaani wastani wa 76 kwenye kila kilichobaki. Kama anataka B ya 80, anahitaji wastani wa 93.

Hapo ndipo swali linapobadilika. Badala ya "nitafaulu kweli?" linakuwa "je, mtu anayepata 60 leo anaweza kupata 76 kuanzia wiki ijayo mpaka mwisho, bila kuteleza hata mara moja?" Swali hilo lina jibu.

Lakini kwanza jiulize unahitaji herufi gani. Programu nyingi za unesi zinataka angalau C kwenye kozi za sayansi, na zinapopata waombaji wengi kuliko nafasi huwapanga kwa GPA. Mtu mwenye C ya Anatomia anaweza kutimiza sharti na bado akaachwa nje. Fungua ukurasa wa programu unayoitaka usome masharti yake kabla hujajiambia kwamba C inatosha.

Alama ninayoiogopa kuliko zote ni D. Haikuingizi kwenye unesi, lakini kwenye hesabu za msaada wa fedha wa serikali kuu inahesabika kama umefaulu, na kozi uliyofaulu wanakulipia kuirudia mara moja tu. Kama hesabu yako inaelekea kwenye D, kujitoa kunastahili kufikiriwa kwa uzito.

Na GPA je? Tuseme una krediti 24 (krediti ndicho kipimo cha uzito wa kozi) na GPA ya 3.25, na Anatomia ni krediti 4. Ukijitoa, unabaki na 3.25. Ukipata C unashuka mpaka 3.07. D inakupeleka 2.93. F inakupeleka 2.79. Tofauti kati ya W na F ni karibu nusu pointi, na kuirudisha nusu pointi kunachukua mihula.

Hatua ya 3: Tafuta chanzo chenyewe

Hapa nakuomba utulie, maana watu wengi huiruka hatua hii. Ukijitoa bila kujua kilichokuangusha, muhula ujao utakutana nacho palepale kimekukalia.

Nenda kwa mwalimu saa zake za ofisi, omba kuona mtihani wako uliosahihishwa. Kwa kila swali ulilokosa andika moja kati ya haya manne: sijawahi kukiona kitu hiki, nilikiona lakini sikukumbuka, nilikumbuka lakini swali lilinigeuza, nilijua lakini nilikosea tahajia. Kisha hesabu mafungu.

Fungu la kwanza likiwa kubwa, tatizo ni muda. Hili ndilo lililonipata mimi. Nilikuwa naingia zamu saa tano usiku, natoka saa moja asubuhi, na maabara ilianza saa mbili. Nakumbuka nimesimama mbele ya modeli ya fupanyonga, pini nyekundu imechomekwa kwenye kingo ya juu, kengele inahesabu muda wa kuhamia meza inayofuata, na ninachosikia kichwani ni kengele ya chumba namba 12, mama mmoja aliyekuwa akiita kila nusu saa usiku kucha. Karatasi yangu ilibaki tupu. Baadaye mwalimu alinionyesha jibu, nikaona ni neno nililolisoma wiki ile ile. Kwa kozi ya krediti 4, weka saa 8 mpaka 12 kwa wiki za kusoma nje ya darasa. Kama ratiba yako haina saa hizo, hazitajitokeza zenyewe.

Fungu la pili likiwa kubwa, tatizo ni namna ya kusoma. Kusoma slaidi mara tano ukizipaka rangi ya manjano si kusoma Anatomia. Funika majina kwenye picha, chora upya kwenye karatasi nyeupe, taja kwa sauti, kisha fungua uone. Mtu anayefanya hivyo wiki mbili mfululizo anaweza kuruka pointi nyingi, na hili ndilo tatizo linalotibika haraka kuliko yote.

Fungu la tatu linahusu msingi. Unajua majina lakini hujui kinachotokea. Wanaonipigia hukwama sana kwenye kujikunja kwa msuli: wanakariri aktini na miosini (protini zinazovutana ndani ya msuli), kalsiamu, ATP (nishati ya seli), kisha swali linauliza kwa nini mwili wa marehemu hukakamaa, wanaganda. Nawaambia: wewe umeosha miili ya wazee waliofariki kwenye zamu yako. Umeshika mkono uliokuwa laini ulipoukuta, na saa chache baadaye ukawa haukunjiki. Kalsiamu imevuja, vichwa vya miosini vimeshika aktini, na hakuna tena ATP ya kuviachia. Ukielewa hilo, umeelewa kwamba msuli hutumia ATP hata kuachia, na maswali matano ya mtihani yamejibika. Sasa, kama kikwazo chako kiko chini zaidi, yaani hujui ioni ni nini, au maji yanapitaje kwenye utando wa seli, hapo usijilaumu. Uliingizwa kozi ya juu kabla ya Biolojia na Kemia za mwanzo. Huo ni upungufu wa miezi, hautibiwi kwa wiki tano.

Fungu la nne linatuhusu sisi tuliojifunza Kiingereza baadaye. Mtihani wa maabara unasahihishwa herufi kwa herufi. Ilium ni sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Ukitamka kwa ulimi wetu hayatofautiani. Nimemwona kijana anayejua kila mfupa akipoteza pointi tisa kwa tahajia pekee. Hili halihitaji kujitoa. Linahitaji daftari na kalamu, maneno ishirini kila jioni, kwa mkono, si kwa simu inayokusahihishia.

Kuna na chanzo cha tano kisichoonekana kwenye mtihani: hutaki unesi. Ni mama aliyetaka, au mjomba aliyekulipia tiketi, au ndugu wote wa kanisani wanasomea huo na wewe ukafuata. Hilo ni zungumzo kubwa kuliko kozi moja. Lakini kama ndilo lako, liseme kwanza kwako mwenyewe.

Hatua ya 4: Jua W itakugharimu nini

W haigusi GPA, lakini si bure.

Msaada wa fedha. Ukipokea Pell Grant, ile ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, au mkopo wa serikali kuu, chuo kinapima kila mara kama unasonga mbele. Kipimo kimoja ni GPA. Kingine ni kasi: kati ya krediti zote ulizojaribu, umefaulu ngapi? Vyuo vingi vinataka karibu asilimia 67, kwa sababu sheria inakutaka umalize ndani ya asilimia 150 ya urefu wa programu. W inahesabika kama umejaribu na hukumaliza. Ukichukua krediti 12 muhula wako wa kwanza na kujitoa kwenye Anatomia yenye 4, umefaulu 8 kati ya 12: asilimia 66.7. Uko ukingoni kabisa. Aliyekwisha kumaliza krediti 24 zote anaweza kubeba W hiyo bila wasiwasi. Aliye muhula wa kwanza hawezi kubeba mbili. Ukishuka chini kwa kawaida unapewa onyo kwanza, na kuna barua ya rufaa unayoweza kuandika, lakini ni bora usifike huko.

Tena, fedha ya Pell uliyoitumia muhula huu imetumika. Kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 kilikuwa dola 7,395, na maisha yako yote unapewa kiasi kinacholingana na miaka 6 ya masomo kamili. Kurudia kozi kunakula kwenye akiba hiyo.

Kama Anatomia ndiyo kozi pekee uliyonayo, kujitoa kwake ni kuacha muhula mzima. Hapo ile tarehe ya asilimia 60 inakuwa na meno: ukitoka kabla yake, sehemu ya msaada inarudishwa serikalini, na chuo kinaweza kukudai wewe hiyo tofauti. Nimeona mtu akidaiwa zaidi ya dola elfu moja kwa sababu alijitoa wiki ya nane badala ya kusubiri ya kumi. Na mwenye mkopo akishuka chini ya krediti 6, saa ya miezi sita ya kuanza kulipa inaanza kuhesabu.

Viza. Hapa naomba unisome mara mbili. Mwenye F-1, yaani viza ya mwanafunzi, wa shahada ya kwanza au chuo cha jamii anatakiwa awe na krediti 12 kila muhula. Kama kujitoa kutakushusha chini ya hapo, ruhusa inatangulia, kujitoa kunafuata. Ruhusa hiyo anaitoa afisa wa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na kuiingiza kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Kwa sababu za kimasomo hutolewa mara moja tu kwa kila ngazi ya masomo, haikushushi chini ya krediti 6, na sababu zinazokubalika ni chache: ugumu wa mwanzo wa lugha ya Kiingereza au usomaji, kutozoea ufundishaji wa Kimarekani, au kuwekwa kwenye kozi isiyo ya kiwango chako. Ugonjwa una utaratibu wake na unahitaji barua ya daktari. Ukijitoa kwanza ukaomba ruhusa baadaye, unaweza kuwa umepoteza hadhi yako nchini. Usibonyeze kitufe chochote kwenye tovuti ya chuo usiku wa manane ukiwa na F-1.

Sheria za majimbo. Texas, wanafunzi walioanza vyuo vya umma kuanzia muhula wa vuli wa 2007 wana kikomo cha kuacha kozi sita kwa masomo yote ya shahada ya kwanza. California, vyuo vya jamii kwa kawaida vinakuruhusu kusajili kozi ileile mara tatu, na W inahesabika kama mara moja. Kwa anayeishi Houston au San Diego, W ni kitu cha kuhesabu kama fedha mfukoni.

Programu ya unesi. Baadhi zinahesabu W kama jaribio, baadhi hazihesabu. Baadhi zinakataa aliyerudia kozi ya sayansi zaidi ya mara moja. Piga simu programu yenyewe uulize kwa maneno haya: "Je, W kwenye Anatomia inahesabika kama jaribio?" Andika jina la aliyekujibu na tarehe.

W moja yenye B au A baada yake inasomeka vizuri. Msomaji wa maombi anaona mtu aliyepima uzito, akatua mzigo, akarudi akaubeba. W tatu za kozi moja zinasomeka vingine.

Hatua ya 5: Ongea na watu watatu

Mwalimu, mshauri wa masomo, na ofisi ya msaada wa fedha. Mwenye viza anaongeza wa nne. Nenda na karatasi yako ya hesabu mkononi.

Sisi tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kukaa mbali naye. Kugonga mlango wa profesa na kusema "nafeli" kunahisi kama utovu wa adabu. Huku ni kinyume: saa za ofisi zimewekwa kwa ajili hiyo, na asiyekwenda ndiye anayeonekana hajali. Muulize maswali mawili. "Kwa ulivyoona kazi yangu, waliokuwa mahali kama pangu waliishia wapi?" Na, "Kuna alama inayofutwa au kazi ya ziada?" Baadhi ya walimu hufuta mtihani wa chini kabisa, au huuruhusu wa mwisho ubadilishe mmoja ulioharibika. Sharti dogo la namna hiyo, lililofichwa ukurasa wa tano wa silabasi, linaweza kugeuza hesabu nzima.

Mwajiri wako pia, kama ndiye anayekulipia ada. Soma mkataba uone unasemaje juu ya kozi isiyomalizika.

Wa nyumbani waambie baada ya kuamua, si kabla. Najua uzito wake. Mama yangu alishawaambia majirani wote kwamba mwanawe anasomea kutibu watu. Nilipompigia kumweleza nimeacha somo moja, alinyamaza, kisha akauliza, "Unakula vizuri lakini?" Nilikuwa nimejitesa wiki tatu kwa hofu ya simu hiyo.

Hatua ya 6: Angalia kama kuna njia ya katikati

Huenda kinachopaswa kuondoka si Anatomia. Kama una kozi nne, labda ya Historia ndiyo ya kujitoa, kwa kuwa inarudiwa kwa urahisi na haimo kwenye masharti ya unesi. Au zamu ndiyo ipungue. Zamu moja ya saa 12 ikiondoka kwa wiki, ndiyo zile saa za kusoma ulizokuwa huna. Najua kuna kodi ya nyumba, na kuna watoto wa dada wanaosubiri ada Januari. Piga hesabu hiyo pia: kozi ya krediti 4 ukiirudia utailipia mara mbili, pamoja na muhula mzima wa kuchelewa mshahara wa nesi.

Vyuo vingine vina kozi zinazoanza katikati ya muhula. Unaweza kujitoa Anatomia na kuingia Kemia ya mwanzo ya wiki 8, ukatumia miezi hiyo kujenga msingi, na krediti zako zisishuke.

Na kama umefika karibu na mwisho, unafaulu, halafu yakatokea ya kutokea, msiba au upasuaji, usikimbilie kujitoa. Muulize mwalimu kuhusu alama ya "haijakamilika", inayokupa muda wa kumalizia kilichobaki.

Hatua ya 7: Amua

Kipimo ninachokitumia ni hiki, na ni changu tu. Chukua wastani unaouhitaji, toa wastani ulionao. Tofauti ikiwa chini ya 10 na chanzo chako ni namna ya kusoma au tahajia, baki. Ikiwa kati ya 10 na 20, angalia kama kuna mtihani kabla ya siku ya mwisho ya kujitoa. Kama upo, badilisha kitu kimoja kikubwa leo, ufanye mtihani huo, matokeo yaamue. Ikizidi 20, au chanzo ni msingi, au ni muda na huwezi kupunguza zamu, jitoe, mradi viza na fedha zimeruhusu. Huyo wa mfano wetu anahitaji 76 na ana 60. Tofauti ni 16. Kwa lengo la C anastahili mtihani mmoja zaidi. Kwa lengo la B angekuwa anajidanganya.

Usiamue baada ya zamu ya usiku. Lala kwanza.

Ukibaki, andika hesabu mpya baada ya kila alama inayotoka, na hudhuria kituo cha msaada wa masomo mara mbili kwa wiki. Kipo, na gharama yake kwa kawaida imo kwenye ada uliyokwisha kulipa.

Ukijitoa, fanya hivyo rasmi kwenye mfumo wa chuo, kisha hifadhi uthibitisho: piga picha ya ukurasa, subiri barua pepe, rudi siku tatu baadaye uhakikishe W inaonekana. Omba mwalimu akuruhusu uendelee kukaa darasani kusikiliza. Wengine hukubali, na wiki tano za kusikiliza bila kuogopa mtihani ni zawadi. Usiuze kitabu. Jisajili mapema kwa muhula ujao kabla nafasi za maabara hazijajaa, na safari hii chagua maabara ya mchana ukiwa mtu wa zamu za usiku.

Mimi, baada ya kujitoa, wiki sita za likizo niliomba chuo kiniruhusu kuingia maabara Jumanne na Alhamisi. Nilikaa na sanduku la mifupa, nikafumba macho, nikawa naupapasa kila mmoja na kuutaja: fupapaja, sahani ya goti, fupanyonga. Kisha nafungua daftari naliandika jina la Kilatini herufi kwa herufi. Februari, pini nyekundu iliporudi kwenye kingo ileile, niliandika jibu kabla kengele haijaanza kuhesabu.